MICHEZO YA MAJESHI NA MJI WA BUJUMBURA

Askari wa nchi mbili hukutana kwa njia chache. Hukutana vitani, na huko hapana salamu. Hukutana mpakani, kila mmoja akiwa upande wake wa kizuizi, na huko salamu huwa fupi. Hukutana katika magwaride ya sikukuu za taifa, ambako kila mmoja hutazama mbele na kukaza miguu. Iko njia nyingine ambayo wengi huihesabu kuwa ni starehe tu, nayo ni ya kukutana uwanjani, mmoja kavaa jezi nyekundu na mwenziwe jezi ya kijani, wakigombea mpira mmoja mbele ya mwamuzi mmoja.

Njia hiyo ina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Katika makala haya tumekusudia kueleza asili ya michezo ya kimataifa ya majeshi na jinsi ilivyofika kwetu Afrika ya Mashariki. Kisha tutamtembeza msomaji katika mji wa Bujumbura, ambao mwaka 2017 uliwapokea wanamichezo wa majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunawaandikia hasa ndugu zetu askari wa majeshi na wa polisi, kwa kuwa michezo hii ni mali yao, na kwa kuwa huenda siku moja mmoja wao akatumwa huko na begi lake la viatu.

ASILI YA MICHEZO HII

Mwezi Novemba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mamilioni ya askari wa Mataifa Washirika walibaki Ulaya wakingojea meli za kuwarudisha makwao. Kila aliyewahi kukaa kambini anajua shida ya jeshi lisilo na kazi: nidhamu hulegea, ugomvi huzuka, na ulevi huingia kwa mlango wa nyuma. Makamanda wa Kimarekani walitafuta dawa ya tatizo hilo, wakaiona katika michezo. Katika kiangazi cha 1919 yakafanyika mjini Paris mashindano ya majeshi ya Mataifa Washirika, katika uwanja uliojengwa maalumu na kupewa jina la Jenerali Pershing. Wanamichezo wa mataifa 18 walishiriki, wote wakiwa askari au watu waliowahi kuwa askari katika vita hivyo.

Miongoni mwa mashindano hayo, pamoja na riadha, kuogelea na ndondi, kulikuwa na kutupa bomu la mkono kwa umbali. Mshindi alikuwa kasisi wa kijeshi wa Kimarekani, Fred Thomson, aliyelirusha karibu mita 75. Kasisi huyo baadaye alikuwa mwigizaji mashuhuri wa filamu za wachunga ng'ombe. Yaonekana kwamba tangu siku hizo za mwanzo michezo ya majeshi ilikuwa na sura mbili: upande mmoja furaha ya watu waliookoka vitani, na upande wa pili kumbukumbu ya kazi yenyewe ya askari.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, wazo lile lilifufuka. Maofisa wawili, Henri Debrus wa Ufaransa na Raoul Mollet wa Ubelgiji, ndio waliolishughulikia zaidi. Tarehe 18 Februari 1948, katika mji wa Nice, kusini mwa Ufaransa, likaundwa Baraza la Kimataifa la Michezo ya Kijeshi, ambalo hujulikana kwa kifupi kama CISM. Nchi zilizoanzisha baraza hilo zilikuwa tano tu: Ubelgiji, Denmark, Ufaransa, Luxembourg na Uholanzi. Zote tano zilikuwa zimetekwa na jeshi la Ujerumani miaka michache kabla ya hapo. Watu wa nchi hizo hawakuhitaji kufundishwa ubaya wa vita. Wito waliouchagua, ambao ungali ndio wito wa baraza hilo hata leo, ni urafiki kwa njia ya michezo.

Debrus ndiye pia aliyetunga mchezo ambao askari wengi wanaufahamu, yaani mashindano ya mafunzo matano ya kijeshi. Alipata wazo hilo kwa kuwatazama askari wa miavuli wa Uholanzi wakifanya mazoezi: wakishatua walikimbia mwendo mrefu, wakaruka vikwazo, wakapiga shabaha na kutupa mabomu ya mkono. Shindano la kwanza lilifanyika Freiburg, Ujerumani, mwaka 1947, kati ya nchi tatu tu. Kwa kanuni zilizotumika kwa miaka mingi, mshindani hulenga shabaha kwa bunduki umbali wa mita 200, hupita njia ya mita 500 yenye vikwazo 20, huogelea mita 50 akipita vikwazo majini, hutupa bomu la mkono, kisha humaliza kwa mbio za nyika za kilomita 8. Yeyote aliyemaliza mafunzo ya uanajeshi atatambua kwamba humo hamna jambo la kigeni, ila saa ya mwamuzi.

Kutoka nchi hizo tano, baraza limekua hata likafikisha wanachama zaidi ya 130. Mwaka 1995, ilipotimia miaka 50 tangu vita kwisha, ilifanyika Roma michezo ya kwanza ya dunia ya majeshi, nayo ilihudhuriwa na nchi 93. Ikafuata Zagreb mwaka 1999, Catania mwaka 2003, Hyderabad nchini India mwaka 2007, Rio de Janeiro mwaka 2011, Mungyeong nchini Korea ya Kusini mwaka 2015, na Wuhan nchini China mwaka 2019.

ASKARI WA AFRIKA NA RIADHA

Afrika haikungoja baraza la Ulaya ili kutoa wanamichezo askari. Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akikimbia miguu mitupu, na akashinda tena Tokyo mwaka 1964, alikuwa askari wa kikosi cha ulinzi wa Mfalme Haile Selassie. Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa mita 1,500 mjini Mexico mwaka 1968, alikuwa polisi. John Akii-Bua wa Uganda, naye pia polisi, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, wakati ambao haukuwahi kufikiwa na binadamu kabla ya siku hiyo. Filbert Bayi, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974. Juma Ikangaa, ofisa wa jeshi hilohilo, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Paul Tergat wa Kenya alikuwa mwanajeshi wa anga.

Sababu ya mabingwa wengi hivyo kutoka makambini yaeleweka. Baada ya uhuru, nchi zetu zilikuwa na vilabu vichache vyenye fedha. Jeshi na polisi vilikuwa na chakula cha uhakika, daktari, gari la kusafiria, uwanja wa mazoezi, na juu ya yote vilikuwa na saa ya kuamka isiyobishaniwa. Kijana mwenye kipaji aliyeandikishwa alipata mambo ambayo kijijini asingeyapata hata kwa kuyaomba.

Katika soka pia hali ilikuwa hivyo. Mwaka 1972 klabu ya Simba ya jeshi la Uganda ilifika fainali ya Kombe la Vilabu Bingwa vya Afrika, ikashindwa na Hafia ya Conakry. Vilabu vya majeshi, kama Ulinzi Stars ya Kenya na APR ya Rwanda, vimekuwa mabingwa wa ligi za nchi zao zaidi ya mara moja.

Hata hivyo kukutana kwa majeshi yenyewe kwa yenyewe kulichelewa. Mwaka 2002 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa michezo ya kwanza ya majeshi ya Afrika. Ya pili haikufanyika mpaka Novemba 2024, mjini Abuja, miaka 22 baadaye. Kwa upande wetu wa Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda kwa mpango mzuri zaidi. Michezo ya majeshi ya Jumuiya, inayoandamana na maonyesho ya utamaduni, ilianza mwaka 2005, wakati ambapo Jumuiya ilikuwa bado na wanachama watatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya tarehe 1 Julai 2007, na majeshi yao yakaingia katika duru ya michezo. Kwa kupokezana, kila nchi huwakaribisha wenzake: Kigali ilikuwa mwenyeji mwaka 2016, Bujumbura mwaka 2017 na Nairobi mwaka 2019. Hushindaniwa soka, mpira wa kikapu, mpira wa mikono, mpira wa pete na mbio za nyika. Jioni kila jeshi huonyesha ngoma za kwao.

Ndugu zetu polisi nao hawakubaki nyuma. Umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika ya Mashariki, uitwao EAPCCO, ulianzisha michezo yake Kampala mwaka 2017, ikaendelea Dar es Salaam mwaka 2018, Nairobi mwaka 2019 na Kigali mwaka 2023.

NCHI ILIYOJUA MAANA YA MCHEZO

Kwamba Bujumbura iliwahi kuwa mwenyeji wa majeshi ya jirani, wakiwa wamekuja na mipira badala ya mizinga, si jambo dogo. Mnamo tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na wanajeshi waasi, na Burundi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo inakadiriwa viliua watu 300,000. Bujumbura yenyewe iligawanyika mtaa kwa mtaa. Kijana wa Kamenge hakuthubutu kukanyaga Nyakabiga, na wa Nyakabiga hakuthubutu kukanyaga Kamenge.

Katika miaka hiyo michungu ndipo Burundi ilipofika Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Atlanta mwaka 1996. Mkimbiaji Dieudonné Kwizera alikuwa amepigania kwa miaka mingi nchi yake itambuliwe katika michezo hiyo, akiziona Olimpiki za 1988 na 1992 zikimpita kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Atlanta alikwenda kama mwalimu, na umri wa mbio ulikuwa unamwacha mkono. Vénuste Niyongabo, aliyekuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa dunia wa mita 1,500, alimwachia Kwizera nafasi yake katika mbio hizo ili naye apate kukimbia kwa jina la nchi yake. Niyongabo akaingia mita 5,000, mbio alizokuwa amezikimbia mara mbili tu kabla ya hapo. Tarehe 3 Agosti 1996 alishinda kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Siku tisa kabla ya ushindi huo serikali ilikuwa imepinduliwa mjini Bujumbura. Medali ile ya dhahabu ilikuwa ya kwanza kwa Burundi. Ya pili, ya fedha, ililetwa na Francine Niyonsaba katika mita 800 mjini Rio mwaka 2016.

Mfano wa pili uko Bujumbura kwenyewe, katika mtaa wa Kamenge. Wamisionari wa Kixaveri walianzisha huko, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo cha vijana wa mitaa ya kaskazini ya mji, wa makabila yote na wa dini zote. Vita vilipopamba moto kituo hakikufunga milango. Vijana ambao wenzao walikuwa wakiandikishwa katika makundi ya wauaji walikuja hapo kucheza mpira, kusoma na kujenga nyumba zilizobomolewa. Mwaka 2002 kituo hicho kilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood.

Mfano wa tatu unawahusu askari wenyewe. Mkataba wa amani uliotiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, uliosuluhishwa kwanza na Mwalimu Julius Nyerere na baada ya kifo chake na Mzee Nelson Mandela, ulitaka liundwe jeshi jipya. Katiba ya mwaka 2005 ikaweka kwamba katika vyombo vya ulinzi na usalama kabila lolote lisizidi nusu. Watu waliokuwa wakiwindana milimani wakapewa sare moja, bweni moja na zamu moja ya lindo. Hakuna hotuba iwezayo kuwapatanisha watu wa namna hiyo kwa siku moja. Lakini ye yote aliyeishi kambini anajua kwamba mtu unayempasia mpira kila jioni, akakurudishia, huwi tena mgeni kwake. Kutoka jeshi hilo jipya ndipo walipotoka askari wa Burundi waliokwenda Somalia mwishoni mwa 2007, kuungana na wenzao wa Uganda waliotangulia mwaka huohuo katika kikosi cha Umoja wa Afrika.

MJI WENYEWE

Sasa tumpeleke msomaji Bujumbura. Mji huu umelala kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Mashariki yake milima hupanda ghafula hadi kupita mita 2,000. Magharibi, ng'ambo ya maji, huonekana milima ya Kongo juu ya mji wa Uvira, ambayo jioni hubadilika rangi kutoka kijani hadi zambarau. Mwanamichezo atokaye Nairobi au Kigali ataona joto la hapa ni zito kuliko la kwao. Afadhali afike siku chache mapema mwili upate kuzoea, anywe maji kwa wingi, na mazoezi yake ayafanye alfajiri.

Jina la zamani la mji ni Usumbura. Mwaka 1897 Wajerumani waliweka hapo kituo cha kijeshi, na askari wao weusi, waliotoka pande nyingi za pwani na bara, walisema Kiswahili. Wafanyabiashara wa misafara kutoka Ujiji walikuwa wameitanguliza lugha hiyo. Kwa hiyo, ndugu askari, lugha unayoisoma hapa iliingia Bujumbura kwa miguu ya mfanyabiashara na ya askari. Mwaka 1916 Wabelgiji waliutwaa mji, wakaufanya makao makuu ya utawala wa Ruanda-Urundi. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962, na mji ukaitwa Bujumbura. Tangu uamuzi uliotangazwa Desemba 2018, mji mkuu wa kisiasa ni Gitega, ulio katikati ya nchi, nao Bujumbura umebaki kuwa mji mkuu wa biashara.

Uwanja mkubwa wa mji kwa miaka mingi uliitwa kwa jina la Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, kisha ukaitwa Intwari, neno la Kirundi lenye maana ya shujaa. Majina hayo mawili hayako mbali. Rwagasore ndiye aliyeongoza chama cha UPRONA kushinda uchaguzi wa Septemba 1961, akawa Waziri Mkuu, na hazikutimia wiki tatu akapigwa risasi kando ya ziwa tarehe 13 Oktoba 1961. Kaburi lake liko juu ya kilima kinachoutazama mji. Mgeni apandaye huko huuona mji wote chini yake, kuanzia barabara za Rohero hadi bandarini, na ziwa likienda kusini mpaka macho yachoke. Mashabiki wa soka pia wataukumbuka mji huu kwa klabu ya Vital'O, iliyofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992.

Msemaji wa Kiswahili asikose kufika Buyenzi. Ni mtaa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, wenye njia zilizonyooka na kupewa nambari badala ya majina, misikiti, mafundi wa magari walioinama chini ya boneti mchana kutwa, na mama wauza sambusa jioni. Kiswahili chake kina ladha ya Kigoma na ya Uvira kwa pamoja, na maneno machache ya Kifaransa yaliyokaribishwa bila kinyongo. Nje ya mtaa huo, Kirundi ndicho cha wote. Mgeni atakayesema "amahoro", yaani amani, ambayo ndiyo salamu yao, na "murakoze", yaani asante, ataona nyuso zikifunguka. Wenyeji ni watu wa heshima na sauti ya chini. Kupiga kelele mbele ya mkubwa huhesabiwa kuwa ni kukosa malezi, na askari mgeni akumbuke kwamba nje ya uwanja yeye ni balozi hata akiwa na kandambili miguuni.

Chakula cha mji ni cha ziwani. Mukeke, samaki mwembamba wa Tanganyika, huchomwa au hukaangwa, akaletwa na ndizi za kukaanga. Ndagala, ambao sisi huwaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, na mtu akisimama ufukoni usiku usio na mwezi huona taa za wavuvi zimejipanga majini kama mji wa pili. Ziwa lenyewe ni la pili duniani kwa kina, likishuka karibu mita 1,470.

Kwa askari, ziwa hilo lina historia ya vita isiyofaa kusahauliwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walilitawala kwa meli zao. Waingereza wakaleta mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, wakizivuta kwa reli, kwa matrekta na kwa ng'ombe kutoka Afrika ya Kusini kupitia misitu ya Kongo. Desemba 1915 waliiteka meli ya Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, wakiwa wameipaka mashine zake mafuta ili zisiharibike. Iliibuliwa baada ya vita, ikaitwa Liemba, ikawabeba abiria wa ziwa hili kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu. Meli iliyoundwa Ulaya na kufanywa ya vita iliishi miaka mingi ikibeba magunia, mikungu ya ndizi na watoto.

Kiasi cha kilomita 12 kusini mwa mji, mahali paitwapo Mugere, liko jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wako wasemao kwamba hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji wiki mbili kabla, kisha wakaja pamoja kaskazini kutazama kama mto Rusizi hutoka ziwani au huingia. Waliuona unaingia, na hivyo likafa wazo kwamba huenda hapo ndipo chanzo cha Naili. Delta ya mto huo, upande wa magharibi wa mji, sasa ni hifadhi ya taifa yenye viboko na mamba. Asiyetaka kuwafuata mamba hao kwao aweza kuwaona katika Makumbusho Hai ya mjini, iliyofunguliwa mwaka 1977.

Mwenye siku moja ya ziada apande hadi Gishora, karibu na Gitega, patakatifu pa ngoma za kifalme. Ngoma hizo ziliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa wanadamu. Wapigaji huja wamebeba ngoma zenye uzito mkubwa vichwani, wakizipiga bila kukosea mdundo. Mkufunzi yeyote wa gwaride atatamani kuwa na kikosi cha namna hiyo.

SWALI LA MWISHO

Ndugu msomaji aweza kuuliza: je, michezo hii imezuia vita gani? Ni swali la haki, na hatutalikwepa. Mwezi Januari 2024 mpaka kati ya Burundi na Rwanda ulifungwa, ijapokuwa majeshi ya nchi zote mbili ni ya Jumuiya moja. Mwezi Februari 2025 mapigano ya Kivu ya Kusini yaliwafanya maelfu kwa maelfu ya Wakongo wavuke mto Rusizi kukimbilia Burundi, wengine wakiogelea. Wengi wao walipewa hifadhi katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Mahali palipochorwa mistari kwa ajili ya mchezo pakajaa akina mama waliolala chini na watoto wakilia njaa. Kongo nayo ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2022.

Hapana budi kusema kweli kwamba mpira haujawahi kuzima bunduki iliyokwisha kuamriwa kufyatuliwa. Amri hiyo hutoka mahali pengine, kwa watu wengine. Lakini liko jambo ambalo mpira huliweza. Askari aliyecheza Bujumbura, akala mukeke meza moja na koplo wa jeshi la jirani, akabadilishana naye jezi na jina, hawezi tena kuambiwa kwamba ng'ambo ya mto hakuna watu. Atakapowekwa kwenye kizuizi cha mpakani, na raia mwenye mzigo kichwani akamjia mikono juu, atakuwa na sura ya mtu katika kumbukumbu yake. Katika ukanda huu ambao maisha ya wengi yamewahi kutegemea uamuzi wa askari mmoja mwenye usingizi kwenye kizuizi kimoja, hilo ni jambo kubwa.

Waanzilishi wa Nice mwaka 1948 walijua hivyo. Nao vijana wa Kamenge walijua hivyo bila ya kusomeshwa na baraza lolote. Kilichobaki ni kwa serikali zetu kuitunza ratiba ya michezo hii hata siasa inapokuwa na homa, kwa kuwa wakati wa homa ndipo dawa huhitajiwa. Na kwa askari kilichobaki ni kufanya mazoezi, kucheza kwa kanuni, na kumpa mkono mshindani wake kipenga cha mwisho kinapolia. Uwanja wa Rugombo, na viwanja vyote vya nchi zetu, vilijengwa kwa ajili hiyo. Tuombe na tufanye kazi ili vitumike kwa ajili hiyo peke yake.